Kuzungukia baa za mtaani na viwanda vidogo vya bia jijini: mwongozo kamili

Bia iliyopikwa siku moja, ikajazwa kwenye kegi (pipa la chuma la bia) siku moja, inaweza kuwa tamu baa hii na kuwa haifai baa ya jirani. Mpishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni mpira ulioipitisha kutoka kwenye kegi hadi bombani, jokofu, glasi, na idadi ya wateja wanaoinywa. Kwa hiyo anayetaka kulijua jiji kupitia baa zake asihangaike na orodha za majina makubwa. Ajifunze kwanza kuisoma baa yenyewe, kisha achague bia kutokana na anachokiona. Yafuatayo ni kwa mtu mzima anayekunywa, anayetembea kwa miguu, na anayetaka kesho yake akumbuke alichoonja.

Chagua mtaa mmoja

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani, ramani ikiwa mkononi. Mtu hutia alama baa kumi zilizotapakaa pembe nne za jiji, halafu jioni yote inaishia barabarani. Chukua mtaa mmoja, sehemu tatu, zikizidi ziwe nne, zote ndani ya kilomita mbili. Kutoka moja hadi nyingine isizidi dakika 15 kwa mguu, na kila sehemu uipe kati ya dakika 45 na saa nzima.

Viwanda vidogo vya bia havikai popote tu. Kupika bia kunahitaji dari refu la kusimamisha matangi, sakafu ya zege yenye mifereji, maji mengi, mlango wa kuingiza mizigo ya kimea, na kodi isiyoua. Ndiyo maana utavikuta kwenye maghala ya zamani, kando ya reli na maeneo ya gereji. Baa za mtaani zenyewe ziko kwenye kona za makazi ya watu na karibu na vituo vya usafiri. Mtaa mzuri wa kuzunguka ni ule ambao sehemu hizi mbili zimepakana. Anzia kiwandani, kwa sababu kumbi za kuonjea za viwandani hufunga mapema na nyingine hazifunguliwi kila siku, kisha malizia baa iliyo karibu zaidi na usafiri wa kukurudisha nyumbani.

Siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi. Mwisho wa wiki bia hutoka haraka, hilo ni kweli, lakini mhudumu hana hata sekunde ya kukujibu swali, na mpishi hayupo. Fika ndani ya saa mbili za kwanza baada ya kufunguliwa, ila usiwe mteja wa kwanza kabisa kwenye bomba. Mpira wa mita 20 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 9.5 hubeba karibu lita 1.4 za bia, nayo hiyo imelala humo tangu jana usiku. Baa makini huimwaga. Baa isiyo makini humuuzia aliyewahi.

Kabla ya kutoka piga simu kila sehemu, uliza mambo matatu tu: leo mnafunga saa ngapi, mnapokea malipo ya namna gani, na kama kuna ziara ya kiwanda, je, lazima nipange mapema? Saa zinazoonekana kwenye ramani za simu mara nyingi ni za zamani.

Hesabu ya kilevi ifanyike kabla ya kutoka

Ukiwa tayari umekunywa glasi mbili, hesabu hii huifanyi tena. Kanuni ni hii: chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789. Unachopata ni gramu za kilevi halisi. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina gramu 13. Glasi ya nusu lita ya bia hiyohiyo inakaribia gramu 20. Kiglasi cha mililita 150 cha bia nzito ya asilimia 10, ambacho macho yanakiona kama mchezo, kina karibu gramu 12.

Mwili wa mtu mzima wa kawaida huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa, maji baridi ya kuoga au kutembea havibadilishi kasi hiyo. Kwa mantiki hiyo glasi moja ya nusu lita ni kazi ya saa mbili au zaidi kwa ini lako, na anayekunywa moja kila baada ya dakika 40 analimbikiza deni.

Mpango unaobebeka kwa sehemu nne ni huu. Kiwandani, vionjo vinne vya mililita 120 vyenye wastani wa asilimia 5.5, jumla gramu 21. Baa ya pili na ya tatu, robo lita kila moja ya bia ya asilimia 5, gramu 10 na gramu 10. Mwishoni, kiglasi cha mililita 150 cha bia ya asilimia 9, gramu 11. Jumla ni kama gramu 52. Ukianza saa kumi jioni, mwili utamaliza kazi hiyo kati ya saa tatu na saa tano na nusu usiku, na kwa watu wengine baadaye zaidi. Gari libaki nyumbani, hilo halina mjadala, hata pikipiki na baiskeli.

Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kilevi kisicho na madhara yoyote kiafya. Kwa hiyo hesabu hii inapunguza tu, haiondoi. Mjamzito, mwenye dawa za usingizi au za ugonjwa wa ini, na anayetumia metronidazole (dawa ya kuua bakteria) asiingie kwenye mzunguko huu kama mnywaji. Viwanda vingi siku hizi vina bia isiyo na kilevi yenye ladha ya maana, na anayeionja anajifunza sawasawa na wengine.

Kula kabla ya kutoka, mlo kamili wenye mafuta na protini. Tumbo lenye chakula hupunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu, tumbo tupu hukuangusha kwenye baa ya pili. Katikati ya kila kinywaji pitisha glasi ya maji ya mililita 250.

Watu wangapi, na nani analipa

Wawili hadi wanne. Zaidi ya hapo huwezi kukaa kaunta, na kaunta ndiko darasa lilipo. Kikundi kikubwa kina ubaya mwingine: raundi. Watu sita wakizungushiana raundi, kila mmoja amekunywa glasi sita atake asitake, kwa mwendo wa yule anayekunywa haraka kuliko wote. Kataeni raundi mapema, kabla hata ya glasi ya kwanza. Au changeni mfuko mmoja, mtu mmoja aushike, kila mtu aagize anachotaka na kwa kasi yake, na mfuko ukiisha safari imeisha.

Kuisoma baa kabla ya kufungua mdomo

Simama mlangoni, vuta pumzi. Baa yenye watu itanukia bia, chakula na binadamu, sawa. Harufu ya siki ndiyo ya kuogopa. Hutoka kwenye trei za kukinga matone na mifereji isiyosafishwa, na bakteria wanaoitengeneza ndio haohao wanaopanda kwenye midomo ya mabomba. Vinzi vidogo vikirukaruka juu ya mabomba, jibu umeshalipata.

Kisha hesabu mabomba, uyalinganishe na watu. Hapa ndipo wengi hudanganyika kwa kudhani mabomba mengi ni sifa. Kegi ya lita 50 hutoa glasi 100 za nusu lita, ukisahau povu linalomwagika. Baa yenye mabomba 30 ina glasi 3,000 zilizofunguliwa kwa wakati mmoja. Ikiuza glasi 150 kwa siku, itachukua siku 20 kuzimaliza, na hiyo ni kwa wastani tu. Zile zinazopendwa zitaisha mapema, na ile ya ajabu ya bomba la 27 itakaa mwezi na nusu. Baa ndogo ya mabomba manane yenye wateja haohao 150 inamaliza kila kitu ndani ya siku tano au sita. Kati ya hizo mbili, bila kujua kingine chochote, ingia kwenye ndogo.

Sasa mtazame mhudumu akimimina, kwa makini, mara mbili au tatu kabla hujaagiza. Anayejua kazi husuuza glasi kwa maji baridi safi, huiinamisha nyuzi 45, hufungua bomba lote kwa mkupuo mmoja, na mdomo wa bomba haugusi glasi wala bia. Glasi ikifika nusu huisimamisha wima ili povu lijijenge, hadi kama sentimita mbili na nusu juu. Asiyejua hufungua bomba nusunusu, bia ikatoka kwa fujo na povu, kisha huchovya mdomo wa bomba ndani ya glasi kulizuia. Kila akichovya, bia yenye sukari inabaki imeganda kwenye chuma na kulisha vijidudu hadi kesho. Akiitumia glasi chafu ileile kuongezea, bomba limeshika na mate ya mteja.

Glasi zenyewe husema. Ona za waliokaa: glasi safi huacha pete ya povu ukutani kila mtu anapopiga funda, pete juu ya pete mpaka chini. Glasi yenye mafuta au mabaki ya sabuni haiachi pete, povu hufa haraka, na utaona viputo vimeng'ang'ania ukutani chini ya bia kama vimegundishwa. Glasi iliyotoka kwenye friza ikiwa na barafu si heshima kwa mteja, hata kama inapendeza picha. Barafu hufukuza gesi, povu hufurika, na ubaridi huo hutia ganzi ulimi na kufunga harufu yote. Omba ya kawaida.

Mwisho kabisa ni ubao wa bia. Ubao unaotaja jina, aina, asilimia ya kilevi na ujazo wa glasi unaonyesha watu wanaojali. Ubao wenye kasi ya kubadilika, wenye vumbi la chaki lililofutwa jana, ni mzuri zaidi. Ujazo usipotajwa uliza, kwani neno "glasi" halina kipimo kimoja. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani ni 473, na baa nyingine humimina 400 na kuiita kubwa.

Kwenye kaunta

Usiulize "bia gani nzuri?" Mhudumu atakuonyesha ya bei kubwa au anayoipenda yeye. Maswali yanayoleta faida ni mafupi:

"Habari za kazi. Ipi imefunguliwa leo au jana?"

"Ipi inatoka haraka kuliko zote hapa?"

"Mipira ilisafishwa lini mara ya mwisho?"

Swali la tatu liulizwe kwa upole, baa ikiwa imetulia, na baada ya kuagiza kitu. Mipira inatakiwa ioshwe kwa dawa kali ya kuondoa utando kila baada ya wiki mbili, na mabomba yafunguliwe vipande vyote na kusuguliwa. Jibu lenye siku ndani yake ("Jumatatu iliyopita, asubuhi") linatosha. Jibu la "huwa tunasafisha tu" maana yake agiza kopo au chupa, kisha angalia tarehe ya kufungwa. Bia zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), kama eli chungu iitwayo IPA, zinywewe ndani ya miezi miwili au mitatu tangu zifungwe. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyowekwa mwaka mzima mbele haikusaidii kujua hilo.

Kuonja kabla ya kununua kunaruhusiwa sehemu nyingi, kiasi cha mililita 30 hadi 60. Mara mbili inatosha. Anayeonja tano huku foleni imemjaa mgongoni, kisha akaagiza ile ya kwanza, anajulikana baa nzima kabla hajakaa.

Malipo: kama kadi yako inabaki kaunta au bili inaandikwa, jua jina ulilowaandikia na uifunge mwenyewe kabla ya kuhama. Bili zilizosahaulika huleta ugomvi wa kesho. Kuhusu kumwachia mhudumu chochote, tazama wenyeji wanavyofanya nawe ufanye hivyo.

Ndani ya kiwanda

Kiwanda kidogo kina sehemu chache na ukizijua ziara haitakuwa ya kutikisa kichwa tu. Kuna kinu cha kupasua kimea. Kuna tangi la kuloweka, ambamo kimea kilichopasuliwa hukaa kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 68 za Selsiasi kwa kama saa nzima, wanga ukageuka sukari. Joto la upande wa chini wa kiwango hicho hutoa bia kavu na nyepesi, la upande wa juu hutoa bia nene yenye utamu uliobaki. Kuna tangi la kuchemshia, dakika 60 hadi 90, ambako hopsi za mwanzo huleta uchungu na za mwisho huleta harufu. Halafu matangi marefu yenye kitako kilichochongoka, ambamo hamira hufanya kazi: nyuzi 18 hadi 22 kwa aina za eli (bia zinazochachuka kwenye joto), nyuzi 8 hadi 13 kwa laga (zinazochachuka kwenye ubaridi).

Hamira ya eli humaliza kazi ndani ya wiki moja au mbili. Laga inadai kupumzishwa kwenye baridi kwa wiki nyingi, na tangi linaloshikiliwa na laga halipiki kitu kingine. Hii ndiyo sababu viwanda vingi vidogo huikwepa. Kiwanda kikiwa na laga nyepesi au pilsner, anza nayo. Pilsner, iliyozaliwa katika mji wa Plzeň, Czech ya leo, mwaka 1842 kwa mkono wa mpishi Josef Groll, haina pa kuficha kosa: hakuna kimea kilichokaangwa, matunda wala mlima wa hopsi wa kufunika uzembe. Wakiipatia hiyo, zilizobaki uziamini. Wakiikosea, ile bia yao ya vanila na kakao ya asilimia 12 haitabadilisha hukumu.

Maswali ya kumuuliza mpishi, kama yupo: tangi moja ni lita ngapi? (Lita 1,000 ni kegi 20, kwa hiyo ujue kundi moja linaisha haraka au linakaa.) Hii ya leo ilijazwa lini? Maji mnayafanyaje? Mpishi anayejibu swali la maji kwa shauku, kuhusu chumvi na kuondoa klorini, ni mpishi wa kweli.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Sakafu ni mvua, kuna maji ya moto na dawa za kuungua ngozi. Usiguse valvu yoyote. Na usiingize kichwa kwenye tangi lililo wazi kuchungulia au kunusa: gesi ya kaboni inayotokana na uchachukaji ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na humpoteza mtu fahamu kwa pumzi chache.

Kuonja

Panga vionjo kabla ya kunywa hata kimoja. Nyepesi kwanza, kisha za ngano, kisha za rangi ya kahawia, ndipo IPA, kisha nyeusi, na nzito kuliko zote mwishoni. Uchungu hupimwa kwa kipimo cha IBU: laga nyingi za kawaida ziko kati ya 8 na 18, pilsner 25 hadi 45, IPA 40 hadi 70. Ukianza na IPA, uchungu hutanda ulimini na ile laga itakayofuata utaiona maji. Bia chachu na zile za moshi zinasumbua mpangilio wowote, kwa hiyo bora uziagize siku nyingine au ziwe za mwisho kabisa.

Chukua kionjo cha kwanza. Inua uone rangi na povu. Zungusha taratibu mara mbili, nusa mara moja kwa nguvu na mara mbili kwa kifupi, kwa sababu pua huizoea harufu ndani ya sekunde chache na kuacha kuisikia. Piga funda dogo, lizungushe mdomo mzima, limeze. Bia haitemwi kama divai: uchungu wake husikika vizuri baada ya kumeza. Sasa toa pumzi kwa puani. Hapo ndipo sehemu kubwa ya ladha hujitokeza. Subiri sekunde kumi. Uchungu unaokatika safi ni mzuri, unaobaki na ukakasi kama umetafuna ganda la mti una kasoro.

Joto hubadilisha kila kitu. Laga nyepesi inapendeza kwenye nyuzi 3 hadi 7, eli 7 hadi 10, bia nyeusi nzito 10 hadi 13. Baa nyingi hutoa zote kwenye nyuzi 3. Kwa hiyo bia nzito ikifika, ikae dakika 15 mezani ukiendelea na maji. Ukikuta bia ya pipa ya mtindo wa Uingereza, inayovutwa kwa mkono na bila gesi ya kushindilia, usiseme imekuwa moto: inatakiwa iwe nyuzi 11 hadi 13, na viputo vichache. Bia ya namna hiyo ndiyo iliyosababisha wanywaji wa Uingereza kuanzisha CAMRA, chama cha kuitetea, mwaka 1971, ilipoonekana kegi zitaifuta. Pipa lake likishafunguliwa, hewa huingia, na baada ya kama siku tatu hushuka. Uliza lilifunguliwa lini, hasa Jumatatu.

Kasoro, na mwenye kosa

Kujua kasoro bila kujua chanzo chake ni kulaumu mtu asiyehusika.

Siagi, au bisi zenye siagi, na mdomo kuteleza: hiyo ni diasetili. Inaweza kuwa ya kiwandani, hamira haikupewa siku mbili za ziada kuila tena kabla ya kupozwa. Inaweza pia kuwa bakteria kwenye mipira. Namna ya kutofautisha ni rahisi: onja bia ya kiwanda kingine kwenye baa hiyohiyo. Kama nayo ina siagi, mipira ni michafu. Kama ni ile moja tu, kosa ni la mpishi.

Siki kwenye bia isiyokusudiwa kuwa chachu: karibu kila mara ni bomba. Hapo hamia kwenye kopo au hama baa.

Karatasi au boksi lililolowa: hewa na uzee. Kosa la aliyeihifadhi au aliyeiuza baada ya wakati wake.

Mahindi ya kuchemsha: kuchemsha kulikuwa hafifu au kupoza kulichelewa. Kiwandani.

Tufaha bichi: bia changa, imetolewa kabla hamira haijamaliza. Kiwandani pia, na mara nyingi ni njaa ya fedha.

Dawa ya hospitali au plasta: klorini imekutana na viungo vya bia. Huenda ni maji ya kiwanda, huenda ni dawa ya kuoshea glasi ambayo haikusuuzwa. Omba glasi nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Harufu ya kicheche: mwanga. Miale ya jua huvunja viungo vya hopsi, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii. Kahawia huzuia sehemu kubwa, kopo huzuia yote. Kasoro hii unaweza kuisababisha mwenyewe: glasi ya bia yenye hopsi ikikaa kwenye jua kali mezani huharibika kwa dakika chache. Hamia kivulini.

Ndizi mbivu na karafuu si kasoro kwenye bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria, Ujerumani. Zinatokana na hamira yake na ndizo zinazotafutwa. Kwenye laga ni kasoro. Bia kutokuwa angavu kadhalika: IPA nyingi za sasa ni za mawingu kwa makusudi.

Kurudisha glasi kuna adabu yake. Rudisha baada ya mafunda mawili, siyo ikiwa nusu. Sema unachokisikia, usiseme "mbovu": "Naomba uionje hii, naipata kama siki." Mhudumu mzuri ataionja mwenyewe. Kama huipendi tu lakini haina kasoro, hilo ni lako. Lipa.

Baa ya watu

Baa ya mtaani ni sebule ya watu wengine. Kuna viti vya kaunta ambavyo havina jina lakini vina mwenyewe, kwa kawaida vile vya katikati au vinavyotazama televisheni. Kaa pembeni ya kaunta, uone mabomba na mlango kwa pamoja. Usipige picha watu. Ukitaka kupiga picha ya kaunta, omba. Usilinganishe kwa sauti na kiwanda ulichotoka, hata kama kilikuwa bora. Ukianzishiwa mazungumzo jibu. Ukinunuliwa kinywaji na usiyemfahamu, una haki ya kukataa kwa shukrani, na ukikubali hakikisha umeona ikimiminwa.

Kinywaji ukikiacha kwenda msalani, ukirudi usikiguse tena isipokuwa rafiki alikuwa anakitazama. Aliye peke yake, hasa mwanamke, akae ndani ya macho ya mhudumu na amtumie mtu wa nyumbani orodha ya baa na saa ya kurudi. Simu iwe na chaji zaidi ya nusu unapotoka. Jua saa ya usafiri wa mwisho, uondoke dakika 20 kabla yake.

Daftari na chupa ya kwenda nayo

Andika papo hapo, mstari mmoja kwa bia: tarehe, baa, jina, asilimia, bomba au kopo, maneno matatu ya ladha, na kama ungeiagiza tena. Alama za nyota za kwenye programu za simu zichukuliwe kwa tahadhari. Zinapendelea bia nzito na adimu, na hazitenganishi bia na baa ilikonywewa. Mtu aliyeinywa kupitia mpira mchafu ameiadhibu bia.

Viwanda vingi hukujazia chupa kubwa ya kubeba, ya kawaida ikiwa na lita 1.9. Iwe ya kahawia. Aliyejua kazi huisukumia kwanza gesi ya kaboni kutoa hewa, kisha huijaza kwa mrija unaofika chini, mpaka povu lifike shingoni, ndipo hufunga. Akijaza kwa kuachia bia ianguke kutoka juu, ikifika nyumbani imeishiwa gesi. Isikae kwenye begi juani, iingie kwenye jokofu ndani ya saa moja, inywewe ndani ya siku tatu, na ikishafunguliwa imalizwe siku hiyohiyo na watu wawili watatu. Ikiisha, suuza chupa kwa maji ya moto mara tatu bila sabuni, iache ikauke ikiwa imepinduliwa, na uihifadhi bila kifuniko, kwani ikifungwa na unyevu ndani itaota ukungu kabla ya safari ijayo.